Mnyororo wa Juu

Trekta lilimzidi Mashauri umri, na kwa nyuma lilikuwa na sehemu mbili za kufunga mnyororo: chini, kwenye chuma cha kukokotea, na juu, kwenye mkono wa kuinulia jembe.

"Funga chini, shemeji," alisema Sikitu, mjane wa kaka yake. "Marehemu alifunga juu."

"Chini halina nguvu. Kisiki hiki kina mizizi."

Akafunga juu, akapanda, akatia gia. Mnyororo ulikaza, kisiki hakikutikisika, na magurudumu ya mbele yakaanza kuinuka. Sikitu alirukia kiti, akamkaba Mashauri kola, akamvuta kwa uzito wake wote. Waliangukia mawe, na mkono wa Mashauri ukavunjika kama ukuni mkavu. Trekta likapinduka kinyumenyume, likakisagasaga kiti.

"Umenivunja mkono!"

Sikitu akamzaba kofi, la pili, la tatu.

"Kaka yako sikumfikia," alisema. "Sikumfikia!"

Magurudumu makubwa yaliendelea kuzunguka hewani, yakiwarushia udongo usoni, na hakuna aliyeinuka kwenda kuzima injini.