Uje Umefunga

"Muuguzi kasema kesho niende nimefunga," Mabewa alimwambia mkewe, kaishika kwa mikono miwili ngiri yake ya kitovu, iliyotuna chini ya shati kama papai la wizi. "Nimefunga nini?"

Sikitu alijua. Aliwahi kulazwa kwenye meza ile ile ya kupasulia na njaa yake, akatolewa mtoto aliyekwisha kufa. Na siku ya tatu mume huyu huyu akamwambia ajifunge kibwebwe aende shamba, mahindi yanaliwa na nyani.

"Tumbo, mume wangu," akajibu. "Kwani ngiri inafungwa wapi kwingine?"

Asubuhi akampikia ugali wa muhogo na papa mkavu wa nazi, akamwongeza mara mbili. Kisha akatoa sandukuni kibwebwe kile kile, akamzungushia tumboni, akakaza kwa goti.

Hospitalini muuguzi akauliza, "Mzee, umefunga?"

"Nimefunga, binti yangu. Mafundo mawili."

Alipopandisha shati, wagonjwa waliokwisha kushonwa walicheka huku wameshika vidonda vyao. Muuguzi hakucheka. Alisikia harufu ya papa.

"Umekula, mzee. Dawa ya usingizi hupewi tena. Na daktari wa kupasua anaondoka leo, kurudi kwake ni mwakani."

Mabewa akamgeukia mkewe. "Sikitu, mwakani nitafika?"

Sikitu akapiga magoti mbele yake, akalishika fundo lililoanza kulegea.

"Vuta pumzi, baba," akasema kwa upole, akakaza.