Mayai ya Chaki

Uzi ulikuwa umekatika.

Mshonaji aliufunga mwenyewe jana jioni, uzi mweusi, kutoka nguzo moja ya mlango wa banda hadi nyingine. Sasa ulikuwa chini, umekanyagwa. Kuku hajui kufungua komeo. Mume alikuwa bado anakoroma chumbani. Nani mwingine basi, kama si mama mkwe?

Aliinama haraka kuangalia kiota. Mayai yote yalikuwepo, kila moja na alama yake ya chaki ya kushonea. Mtetea akamdonoa kidole mpaka damu ikatoka, naye hata hakukasirika.

Kufuga kwenyewe alikuwa hakujui. Alianza na kuku wachache nyuma ya jiko, akawapulizia dawa ya mende eti kuua utitiri. Ikawaua utitiri, jogoo na mitetea wote isipokuwa huyu mmoja. Mama mkwe aliwatazama walivyolala miguu juu, akasema, "Hongera. Usafi umekamilika."

Ulimi wa yule bibi, acha tu! Nguo ukishona vizuri, atakuonyesha uzi uliosahau kuukata. Ukinyamaza, anasema umenuna. Kwa hiyo mume aliposema maneno yale kitandani, mshonaji aliyaamini yote.

"Mama amechoka," alimwambia kwa sauti ya huruma. "Ndoa yetu ina miaka mingi sasa, mtoto hakuna. Anasema mkono wako hauleti uhai. Ameshanitafutia mwingine, yule karani wa kazini kwetu."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimekutetea, mke wangu! Nimemwambia tukupe nafasi ya mwisho. Huyo kuku wako anayelalia kiota kitupu tumwekee mayai. Akitoa vifaranga, unabaki, na mama hafungui mdomo tena. Asipotoa..." Akavuta pumzi. "Ila usimwulize. Ukimwuliza utaharibu kila kitu."

Kesho yake alirudi na trei ya mayai makubwa, safi, yote sawasawa. Mbegu bora, alisema. Mshonaji alimshika mkono akalia. Nani ana mume kama huyu?

Mama mkwe alipoyaona, uso ulimbadilika.

"Umeyatoa wapi hayo?"

"Mume wangu kaninunulia."

Bibi alinyanyua moja, akaligeuzageuza, akalirudisha. "Hayaanguliwi haya. Kaanga, ule."

Ndipo mshonaji alipoanza kukaa chonjo. Aliweka chaki, akafunga uzi, akahamishia cherehani dirishani ili banda lisimtoke machoni. Wateja walilalamika magauni yao hayaishi. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu ikapita. Alimwekea mtetea maji ubavuni, akampelekea pumba kwa mkono wake, akaongea naye akimwita dada. Nyumba hii ndiyo aliyoijua. Kwao walishakufa wote, angerudi kwa nani?

Sasa siku ya kuangua ilikuwa imefika na uzi umekatika. Mume alipoondoka kwenda kazini, alimpigapiga mgongoni. "Nitarudi mchana nione vifaranga vyako. Jipe moyo."

Ilipokaribia adhuhuri mshonaji akakunja gauni la mteja, akapaza sauti: "Mama, napeleka nguo, nachelewa kurudi!" Akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka ukuta, akachungulia uani.

Haikuchukua muda. Mama mkwe alitoka jikoni akinyata, amekumbatia sweta lililokunjwa. Akafungua komeo. Akapiga magoti, mifupa ikimlia, akaingiza mkono chini ya kuku. Yai la chaki likatoka. Kutoka kwenye sweta likaingia jingine, dogo, la rangi ya udongo. Likatoka la pili. Likaingia la pili.

Mshonaji hakujua miguu ilimfikishaje pale.

"Nimekukamata, mchawi wee!"

Akampokonya sweta. Mayai yaliyobaki ndani yalikuwa ya moto. "Kumbe umeyachemsha! Unanichemshia maisha yangu!"

"Usiyatupe, mwanangu! Taratibu!"

Mwanangu! Leo ndiyo anaitwa mwanangu! Akalitupa la kwanza ukutani kwa nguvu zote. Akatupa la pili, la tatu, mpaka sweta likabaki tupu, kisha akamsukuma kuku pembeni, akayatoa na yale mawili madogo, akayabamiza vilevile. Bibi alijaribu kumshika sketi. Alimpiga teke la bega.

Kisha kitu kikalia, "Pii."

Mshonaji akatazama chini. Chini ya ukuta, kati ya maganda, kulikuwa na manyoya mabichi, midomo midogo, miguu iliyokunjwa. Kifaranga kimoja kilinyoosha kidole, kikakikunja, hakikukinyoosha tena.

Akachukua yai moja la chaki, akalipasua kwenye jiwe. Yakamwagika maji ya manjano yanayonuka. Akapasua jingine. Maji. Jingine. Maji.

"Yale madogo nimeyaomba kwa jirani," mama mkwe alisema pale chini, ameshika bega. "Kuku wake anaangua leo. Niliingia alfajiri kuyamulika yako kwa tochi, nikaona hamna kitu ndani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Nilimsikia kwenye simu akimbembeleza huyo karani wake avumilie, mayai aliyonunua hayana mbegu ya jogoo, wewe utafungasha mwenyewe." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ni mwanangu. Ningekwambiaje?"

Geti likalia. Viatu vikaja upesi upesi kwenye kokoto, na sauti ya furaha ikatangulia:

"Mke wangu! Haya, niambie, vimetoka vingapi?"