Mikono ya Anselmi

Domitila alimaliza kuimba wimbo wa mwisho, ule wa msafiri anayeondoka nyumbani bila kuaga. Mashairi ya nyimbo zote sita za usiku ule yalikuwa ya Kiingereza. Muziki wa nyimbo hizo aliutunga mumewe, Anselmi, mwaka ule walipooana, na sasa ndiye aliyekuwa akipiga piano. Zilibaki sauti chache za piano peke yake. Akazipiga taratibu mpaka ya mwisho.

Katika ukumbi ule, hakuna aliyethubutu kupiga makofi kabla mpiga piano hajainua mikono. Anselmi hakuinua. Vidole vyake viliendelea kukandamiza vitufe, sauti ikafifia hata ikaisha kabisa. Mtu akakohoa.

Domitila akamwinamia, tabasamu la jukwaani lingali usoni, akanong'ona, "Anselmi, inua mikono. Watu wanangoja."

"Nikiinua utaondoka."

"Si nilikwambia asubuhi? Naimba, kisha naenda zangu."

"Basi wimbo haujaisha."

Nyuma ya pazia, sanduku la Domitila lilikuwa limeshafungwa. Mstari wa mbele, bibi mmoja alikuwa ameinua viganja vyake tayari, ameviacha hewani, havijagusana.