Mgeni wa Rafuni

Siku hizi kila nyumba lazima ihifadhi mwandishi mmoja aliyekufa, ili aendelee kutunga. Sisi tulipewa Bi Augusta, Mwingereza wa zama za Malkia Viktoria. Yumo ndani ya kisanduku kwenye rafu ya jikoni, anasikiliza tunavyoishi, anaandika. Riwaya zake zote ni zile zile: mke akikosea, sura ya mwisho anazikwa.

Safari hii mke ni mimi. Kanitia riwayani na mtandio wangu wa kijani, na yule mwanamume ninayempigia simu huku nikimenya vitunguu.

“Bibi, niache niishi basi,” nilimwomba.

“Wasomaji hawataridhika, mwanangu.”

Leo mume wangu, Msellem, amesoma sura ya mwisho. Kaja jikoni, kaosha vyombo, jambo ambalo hajalifanya tangu anioe. Kisha kanimiminia chai, yeye kasema hana hamu, kakaa kunitazama.