Kofia ya Masikio ya Paka

“Ragnhild! Huko chini unasafisha picha au unajifungua?” jirani alipiga kelele kutoka ngazini, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

“Kunyweni kahawa kwanza, wenye haraka zenu! Jibini la kahawia si liko mezani?”

Karatasi ilielea kwenye beseni la dawa, chini ya taa nyekundu. Ilikuwa zawadi atakayompa mumewe leo, siku yake ya kuzaliwa: picha ya mianga ya kaskazini, ile inayocheza angani usiku, ambayo mume aliipiga kule rasini, peke yake kama kawaida yake. Filamu Ragnhild aliikuta ndani ya buti, akadhani mzee anaionea haya kazi yake.

Mbingu ilijitokeza kwanza, kama pazia linalopeperushwa. Kisha doa jeusi chini yake, alilolidhania mwamba, likaota vichwa viwili.

Akainama. Kwa mianga, kamera huachwa wazi nusu dakika nzima, na anayetikisika hutoweka pichani. Hawa wawili hawakutikisika hata kidogo.

Kichwa kimoja kilikuwa na masikio ya paka, la kushoto limelala. Sikio hilo alilifuma mwenyewe, likamshinda, na mdogo wake wa kike akaapa kuivaa kofia hivyo hivyo.

“Dada, njoo basi!” sauti ya mdogo wake ikaita. “Shemeji anataka kukata keki!”

Ragnhild akaitia picha kwenye dawa ya kukaza, isije ikafutika, akapanda nayo ikichuruzika. Watu wakapiga makofi.

“Mdogo wangu,” akasema, “hebu vaa ile kofia yako. Na wewe, baba watoto, simama karibu naye. Msitikisike.”