Sauti Baada ya Vyuma

Mfuniko wa sufuria uligonga gizani, jikoni, kabla hakujapambazuka. Nilikuwa nimebandika maji ya uji nikarudi chumbani kuvaa, na Tunu, binti yangu wa miaka mitatu, hakuwepo kitandani. Nilikimbilia jikoni.

Tangu ajali iliponivunja taya, mwaka mzima sikuweza kupiga kelele. Vyuma vya kuunga taya siku hizi vina sheria yake: ukipaza sauti, vyenyewe vinaishusha mpaka iwe ya kubembeleza, ili taya lisitikisike. Mwezi uliopita nilimkataza Tunu asiguse pasi, maneno yakatoka kama ya kumlaza. Akaishika huku akinitabasamia. Vidole vikaungua.

Jana daktari alivitoa vile vyuma.

"Tunu! Acha!"

Mkono wake ulikwama hewani, karibu kabisa na sufuria. Nilimnyakua nikamkumbatia, mshono wa fizi ukinivuta, machozi na kicheko vikinitoka pamoja. Nina sauti. Mwanangu yuko salama.

"Mama Tunu, umeamsha mtaa mzima!" mume wangu, Shomari, alicheka kutoka chumbani. "Haya, karibu tena nyumbani."

Tunu alinitazama mdomo, akajivuta taratibu kutoka kifuani kwangu, akasema:

"Namtaka yule mama mwingine."