Barafu ya Papa Muhindo

Shampanyi ilikuwa vuguvugu, na tonton Évariste, mjomba wa mposaji, hakuona aibu kulisema hilo mbele ya wakwe.

"Mama Kanyere, hii kitu inapendaka baridi. Barafu iko wapi? Tumepishana na baiskeli ya barafu pale kwa mulango."

"Yote iko kwa papa Muhindo," Kanyere, mkewe, alijibu. "Homa inamuunguza. Alors, munisamehe."

Évariste akanuna. Hakufanya kazi mgahawani Brussels miaka yote ile aje anywe shampanyi vuguvugu Kisangani. Lakini leo haikuwa siku ya kugombana. Mara mbili alikuwa amekuja kumposea mpwa wake Landry, na mara mbili papa Muhindo alikuwa amerudisha glasi ya bia ikiwa imejaa. Baba wa binti asipokunywa kinywaji cha wakwe, hakuna ndoa.

"Ulaya itakula mutoto yangu," mzee alikuwa amesema.

Kesho Landry alikuwa anapanda ndege ya Ulaya. Plamedie, binti wa mzee, asipopatikana leo, hangerudi kumwomba tena. Ndiyo maana wakaleta shampanyi, labda ingemlainisha mzee.

"Haina mwaka kwa chupa," Évariste aliwaeleza wageni, akijisikia. "Banachanganya mavuno ya miaka mingi, goût, ile ladha, isibadilike. Nusa: limau, tofaa, mukate ya kutoka kwa furu. Sasa tutafute chakula ya kumupelekea papa nayo."

Wakajaribu keki. Shampanyi ikageuka kali mdomoni, wote wakakunja nyuso. Wakajaribu makemba, ndizi za kukaanga, ikawa afadhali. Kisha Kanyere akaleta mbinzo, wale viwavi wa kukaanga, wenye chumvi na mafuta, na hata mama yake Landry, aliyekuja amenuna, akaomba aongezewe.

"Voilà!" Évariste alisema. "Papa anakulaka mbinzo?"

"Alikuwa anazipenda sana," Kanyere alisema, akapangusa macho. Moshi wa jikoni ulikuwa mwingi siku hiyo.

Plamedie akasimama na glasi mikononi. "Mama, niingie nayo miye mwenyewe? Nimupigie magoti."

"Hapana, mwanangu. Hataki umuone vile iko."

Kanyere akachukua glasi na sahani, akaingia chumbani, akafunga mlango. Landry alitazama viatu vyake. Plamedie alikuwa ameshaanza kulia. Alimjua baba yake.

Mlango ukafunguliwa. Glasi ilikuwa tupu.

"Amekunywa," Kanyere alisema. "Anasema inapatana na mbinzo."

Vigelegele vikalipuka hadi majirani wakachungulia. Plamedie alikimbilia mlango wa baba yake, lakini mama alimshika, akamkumbatia kwa nguvu.

"Mwache alale. Ameisha kukubariki. Mwende, mukacheze kwa bwana yako, na kesho mupande ndege."

Wakaondoka wakiimba. Kanyere alisimama mlangoni mpaka hakuwasikia tena, kisha akarudi chumbani. Shampanyi aliyoimwaga ilikuwa bado sakafuni, ikichanganyika na maji ya barafu iliyozunguka kitanda. Akakaza kitenge alichomfunga mumewe kidevuni tangu pumzi ilipomtoka alfajiri, akaketi kando yake, akajiziba mdomo kwa mikono miwili ili majirani wasisikie kilio kabla ndege haijaruka.